Mkoromo unaokatika ghafla usiku ni ishara ya maradhi

MTU anapokoroma, walio macho humcheka. Watasema ameshiba, au amechoka, au hana deni la mtu ndiyo maana analala fofofo. Mkoromo ukikatika ghafla na chumba kikatulia, mwenziwe kitandani hushukuru kwamba naye sasa atapata lepe la usingizi. Ni nadra mtu kujiuliza kwa nini umekatika.

Mkoromo unaokatika hivyo, kisha ukarejea kwa kishindo, mara nyingi humaanisha kwamba aliyelala alikuwa ameacha kupumua. Kifua chake kilikuwa kikihangaika, tumbo likijikunja kwa juhudi, ilhali hakuna hewa iliyokuwa ikiingia wala kutoka. Hali hiyo yaweza kudumu sekunde 10, sekunde 30, na kwa baadhi ya watu hata kupita dakika moja. Halafu hushtuka, akatweta kama mpiga mbizi aliyeibuka majini, akageukia upande wa pili na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huyaita maradhi haya apnea ya usingizi. Neno hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kukosa pumzi. Ni maradhi ya ajabu kwa kuwa mwenye kuugua ndiye huwa wa mwisho kujua. Shahidi wa kwanza ni mke, mume, au yule wanayelala chumba kimoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kwamba watu milioni 936 duniani, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 69, wana hali hii kwa kiwango fulani. Miongoni mwao, milioni 425 wana kiwango cha wastani au kikali, ambacho kwa kawaida huhitaji matibabu. Wengi wao hawajawahi kupimwa.

Ili kuelewa kinachotendeka, sharti tulitazame koo lenyewe. Bomba la hewa liendalo mapafuni limezungushiwa pete za gegedu, hivyo haliwezi kubonyea kwa urahisi. Lakini sehemu iliyo juu yake, nyuma ya ulimi na kaakaa laini, haina mfupa wala gegedu la kuizuia isifunge. Ni nyama tupu. Koo gumu kama bomba lisingeweza kumeza ugali wala kuumba maneno.

Mchana misuli ndiyo huishikilia sehemu hiyo iwe wazi. Usingizi uingiapo, misuli hulegea. Kwa mwenye koo pana, kulegea huko hakuna madhara. Lakini kuna wale ambao njia yao ni nyembamba tangu hapo, iwe ni kwa sababu ya mafuta yaliyojikusanya shingoni na ndani ya ulimi, taya la chini lililo dogo, au mafindofindo makubwa. Kwao, hewa inayopita kwa shida huitetemesha nyama ile, na mtetemo huo ndio mkoromo. Wakivuta kwa nguvu zaidi, kuta za koo hukutana na kushikana, kama mrija laini unavyobonyea mtu anapojaribu kufyonzea maziwa mala.

Hapo oksijeni katika damu huanza kushuka na kaboni dayoksaidi kupanda. Ubongo hupiga king'ora. Homoni za dharura, zile zile zitokazo mtu anapofukuzwa na mbwa, humwagika katika damu. Moyo huenda mbio. Misuli ya koo hukaza na njia ikafunguka. Aliyelala huwa ameamshwa, japo kwa sekunde chache mno zisizomwachia kumbukumbu. Pumzi ikirudi, hulala tena, misuli ikalegea tena, na mambo yakaanza upya.

Wataalamu huhesabu visa vyote vinavyodumu angalau sekunde 10, pamoja na vile ambavyo pumzi haikatiki kabisa lakini hupungua hadi oksijeni ikashuka. Kwa mtu mzima, visa chini ya 5 kwa saa si jambo la kutia wasiwasi. Kuanzia 5 hadi 14 ni maradhi mepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni makali. Hebu tupige hesabu. Mwenye visa 30 kwa saa, akilala saa 7, atakuwa amekatizwa usingizi mara 210 kabla ya kupambazuka. Hata mama mwenye kitoto kichanga haamshwi hivyo.

Kuna aina ya pili, ambayo ni adimu zaidi, ambapo koo huwa wazi lakini ubongo wenyewe husahau kuiamuru misuli ya kifua ipumue. Hii huonekana hasa kwa wagonjwa wa moyo uliodhoofika, waliopata kiharusi, na wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Hawa hawana budi kushughulikiwa na madaktari wa magonjwa hayo, na makala haya hayatawazungumzia zaidi.

Mwenye koo linaloziba huamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Husinzia mkutanini, husinzia kanisani au msikitini hotuba ikiendelea, hupitishwa kituo akiwa ndani ya matatu. Jamaa humwita mzembe, naye mwajiri humwandikia barua ya onyo. Wengine hukasirika upesi, husahau mambo, na nyumba zao hazikaliki kwa ugomvi ambao chanzo chake hakuna anayekifahamu.

Hayo yote ni afadhali akiwa hashiki usukani.

Mfikirie dereva wa trela anayetoka Mombasa jioni akiwa na shehena ya kwenda Kampala. Akipotewa na fahamu kwa usingizi wa sekunde 4 tu, huku gari likienda kilomita 80 kwa saa, atakuwa amesafiri karibu mita 90 bila dereva. Barabara hiyo ina sehemu nyingi ambapo mita 90 ni nyingi mno. Sheria ya Trafiki nchini Kenya humkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria njema, lakini huhesabu saa za usukani pekee. Dereva yaweza kuwa amelala usiku kucha kama sheria itakavyo, na bado akapanda garini na usingizi wa mtu aliyekesha.

Kwamba hili si jambo la kudhania, lilibainika nchini Marekani. Asubuhi ya Desemba 1, 2013, gari moshi la abiria lililokuwa likielekea katikati ya jiji la New York liliingia kwenye kona ya Spuyten Duyvil, mtaani Bronx, likiwa na kasi ya kilomita 132 kwa saa mahali palipotakiwa kilomita 48. Liliacha reli. Watu 4 walifariki na makumi wengine wakajeruhiwa. Wachunguzi wa serikali walibaini kwamba dereva alikuwa amesinzia. Alipopimwa baadaye, akapatikana na apnea kali ambayo hakuwahi kuijua. Mnamo Septemba 29, 2016, gari moshi jingine liligonga kizuizi katika kituo cha Hoboken, New Jersey, likaua mwanamke mmoja na kujeruhi zaidi ya watu 100. Dereva wake pia alikuwa na apnea kali isiyotambuliwa.

Kabla ya ajali hiyo ya pili, mwaka wa 2014, Umoja wa Ulaya ulikuwa tayari umeyaingiza maradhi haya katika kanuni zake za leseni za udereva. Anayeshukiwa kuwa nayo kwa kiwango cha wastani au kikali hupelekwa kwa daktari, na akithibitisha kwamba anatibiwa na hasinzii, huruhusiwa kuendelea na kazi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho muhimu. Dereva akijua kwamba kipimo kitamfuta kazi, hatapimwa. Wenye makampuni ya mabasi na malori humu nchini, ambao hununua vidhibiti mwendo na mitambo ya kufuatilia magari kwa setilaiti, wangefaidika sana kuwapima madereva wao bila vitisho, kwani dereva aliyetibiwa ana thamani kuliko mgeni ambaye hali ya koo lake haijulikani.

Madhara hayaishii barabarani. Kila pumzi inapokatika na kurudi, shinikizo la damu hupanda ghafla. Mtu akipandishwa hivyo mamia ya mara kila usiku kwa miaka, mishipa yake huzoea, na shinikizo likabaki juu hata mchana. Maradhi haya yanahusishwa na kiharusi, kisukari na moyo kupiga bila mpangilio. Iwapo umepewa dawa tatu za shinikizo la damu, unazimeza inavyotakiwa, na bado vipimo havishuki, ni haki yako kumuuliza daktari kama tatizo laweza kuwa usingizini.

Dalili nyingine huwapotosha wengi, nayo ni kuamka kwenda haja ndogo mara tatu au nne kila usiku. Wanaume wenye umri wa makamo hukimbilia kudhani ni tezi dume au kisukari, na kweli huenda ikawa hivyo, kwa hivyo wasiache kupimwa. Hata hivyo, mtu anapovuta hewa huku koo limefunga, shinikizo la ndani ya kifua hushuka sana na kuta za moyo zikatanuka. Moyo hudhani kwamba mwili una maji kupita kiasi, nao hutoa homoni inayoziamuru figo ziyaondoe. Kwa njia hiyo maradhi ya koo humpeleka mtu msalani. Aidha, kuna wanaoamka na maumivu ya kichwa, mdomo umekauka kama kaa, au wakishtuka kwa hisia ya kukabwa. Hawa wa mwisho ndio ambao wazee wetu wangewaambia wamekaliwa na jinamizi.

Dhana kwamba haya ni maradhi ya wanaume wanene pekee imewaumiza wengi. Unene ni sababu kubwa, na shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 43 kwa mwanamume au 41 kwa mwanamke huongeza shaka. Lakini mwembamba mwenye taya dogo aweza kuugua vile vile. Wanawake nao, hasa baada ya kukoma hedhi, hupatwa sana, ila wengi wao hulalamikia uchovu, kukosa usingizi na huzuni kuliko mkoromo, hivyo hurudishwa nyumbani na dawa za msongo wa mawazo.

Watoto wana habari yao. Mtoto mwenye apnea aghalabu hasinzii kama mtu mzima. Badala yake huwa mtundu kupindukia, hatulii darasani, na hukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha. Mwalimu humwadhibu. Chanzo mara nyingi ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba, na upasuaji wa kuziondoa ndio matibabu ya kwanza kwa wengi wao. Hapa yafaa kutahadharisha kuhusu desturi ya kuwapeleka watoto wakakatwe kimio na waganga wa mitaani. Kimio sicho kinachomziba mtoto, na wembe huo umesababisha watoto kuvuja damu na kuambukizwa maradhi.

Kutambua maradhi kwaweza kuanza nyumbani. Muulize mwenzako kama pumzi yako hukatika, naye asikufiche kwa heshima. Anayelala peke yake anaweza kurekodi sauti yake kwa simu usiku mmoja au miwili. Kuna pia maswali yaliyotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka wa 1991, yanayotumiwa hadi leo. Hutaja hali nane, kama vile kusoma, kutazama televisheni au kuwa abiria garini kwa saa moja, nawe hujipa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila moja kulingana na uwezekano wako wa kusinzia. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, muone daktari. Lakini wapo wagonjwa wa apnea kali wasiohisi usingizi mchana, kwa hivyo alama ndogo si cheti cha afya.

Uthibitisho hupatikana kwa kupimwa ukiwa umelala. Kipimo kamili hufanywa hospitalini usiku kucha, ambapo nyaya hubandikwa kichwani, kifuani na miguuni. Kipimo chepesi hufanyiwa nyumbani kwa kifaa kidogo kinachopima hewa ya puani, mwendo wa kifua na oksijeni ya kidoleni, nacho huwatosha wengi. Kuwekewa kidude cha oksijeni kidoleni mchana kliniki hakusaidii, kwani ukiwa macho kila kitu huwa sawa.

Hadi miaka ya 1970, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa tundu shingoni, chini ya mahali panapoziba, apumulie hapo usiku. Mabadiliko yaliletwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, ambaye pamoja na wenzake alitangaza katika jarida la The Lancet mwaka wa 1981 matokeo ya wagonjwa watano waliolala wakipuliziwa hewa puani. Wazo lake lilikuwa rahisi. Kama koo huziba kwa kuvutwa ndani, basi lisukumwe nje kwa hewa, kama upepo unavyolishikilia puto lisisinyae. Mashine zitumikazo leo ni wajukuu wa ile yake. Hazitoi oksijeni, wala hazimpumulii mtu; husukuma hewa ya kawaida kupitia bomba na barakoa ili njia isifunge.

Kwa anayeizoea, mabadiliko huonekana upesi, wengine katika wiki ya kwanza. Shida ni kuizoea. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2016, ambao ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 2,700 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, waliopewa mashine waliitumia kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha ikaboreka, lakini visa vya mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kuliko kwa wenzao wasioitumia. Wataalamu wangali wanajadiliana iwapo saa hizo zilikuwa chache mno. Barakoa isiyokaa vyema usoni ndiyo huwakatisha wengi tamaa, ilhali hubadilishwa ikapatikana inayofaa.

Kisha kuna bei, ambayo ni makumi ya maelfu ya shilingi na nyingine hupita laki moja, bila kutaja stima inayopotea usiku wa manane. Anayenunua iliyokwisha kutumika awe macho: mnamo Juni 2021 kampuni ya Philips iliita irudishwe mamilioni ya mashine kwa kuwa sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele ingeweza kumomonyoka na kuvutwa mapafuni. Muuzaji akupe namba ya mashine uichunguze kwanza.

Si kila mtu anahitaji mashine. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka wa 2000 kwamba kupunguza uzito kwa asilimia 10 huambatana na kupungua kwa visa kwa takriban asilimia 26. Desemba 2024, dawa ya sindano iitwayo tirzepatide iliidhinishwa nchini humo kuwa ya kwanza kutibu apnea ya wastani au kali kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia, nayo hufanya hivyo hasa kwa kupunguza uzito. Ni hatua kubwa, ingawa bei yake haijamfikia mwananchi wa kawaida.

Yapo yasiyogharimu kitu. Ukilala chali, ulimi huanguka nyuma. Ukilala ubavu, wengi hupata nafuu, na mbinu ya zamani ya kushonea mpira mgongoni mwa fulana ili usigeuke chali bado inafanya kazi. Pombe huzidisha kulegea kwa koo, hasa inayonywewa karibu na saa za kulala. Baadhi ya dawa za usingizi hufanya vivyo hivyo, kwa hivyo mwenye kuzinunua dukani kwa kuwa "halali vizuri" huenda anajiongezea tatizo lenyewe.

Madaktari wa meno nao hutengeneza kifaa cha kuvaa mdomoni usiku kinachosogeza taya la chini mbele, nacho huwafaa wenye maradhi mepesi au ya wastani. Upasuaji wa koo kwa watu wazima una matokeo yasiyotabirika. Mwaka wa 2006 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya wagonjwa 25, ambao baadhi yao walifunzwa kupiga baragumu la wenyeji wa Australia kwa miezi minne. Usingizi wao wa mchana na visa vya usiku vilipungua, kwa kuwa misuli ya koo ilipata mazoezi. Baragumu hilo hupigwa bila kukata pumzi, kama wapigavyo nzumari wetu wa Pwani. Sisemi wagonjwa wauze mashine wanunue nzumari, ila ni ushahidi kwamba koo, sawa na mguu, hunufaika na mazoezi.

Mwisho, mtu yeyote anayekoroma kwa kukatika pumzi na anayetarajia kupasuliwa, hata kama ni upasuaji wa goti, amwambie daktari wa nusukaputi mapema. Dawa za kulaza mgonjwa na zile za maumivu makali hulegeza koo na kuuzuia ubongo kumwamsha pumzi inapokosekana. Mwenye mashine aende nayo hospitalini, akawaonyeshe wauguzi jinsi inavyovaliwa, maana saa atakapoihitaji zaidi hataweza kuivaa mwenyewe.